Nani Alikuchagulia Windows? Historia fupi ya programu huria Likoni, Kisauni na Changamwe

Nimekuwa kimya wiki kadhaa kwa sababu ya kazi, niwieni radhi. Leo msimbo tunauweka kando. Nataka tuzungumze historia, tena historia ya hapa hapa kwetu.

Juzi nilipanda feri kwenda Likoni kumwona mama mmoja mwenye kibanda cha kuchapa barua na kutoa fotokopi. Ana laptopu ya ex-UK, imetumika lakini bado ina nguvu zake. Sasa imeanza kumwonyesha ujumbe: Windows 10 imefika mwisho wa kuhudumiwa, na mashine hii haina sifa za kupokea Windows 11. Akaniuliza, "Sasa mwanangu, hii niitupe?"

Jibu lilikuwa mdomoni: "Hapana mama, tuweke Linux." Lakini nikalimeza. Maneno hayo hayo nilimwambia mwaka 2006, na yalimpotezea kazi ya siku nzima. Nikirudi nyumbani Kisauni nilikuwa nalifikiria swali moja tu: kwa miaka zaidi ya 20, ni nani hasa amekuwa akituchagulia mfumo wa kompyuta zetu?

Kwa wale wageni wa mambo haya: mfumo endeshi ni ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuzisimamia programu nyingine zote. Windows ni mmoja, Linux ni mwingine. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, nawe una ruhusa ya kisheria kuitumia, kuinakili, kuibadilisha na kumpa jirani. Angalia hilo neno ruhusa. Kunakili tulikuwa tunanakili sana, ruhusa ndiyo hatukuwa nayo.

"Kwani Windows nililipa?"

Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, akitaka mfumo kamili ambao kila mtu ataruhusiwa kuugawa. Mwaka 1991 kijana wa Finland, Linus Torvalds, akatangaza kerneli aliyokuwa akiiandika, yaani ule moyo wa mfumo, na mwaka uliofuata akaiweka chini ya leseni ya GPL ya akina Stallman. Vitu viwili hivyo vikiungana ndipo unapata kile tunachokiita Linux.

Huku kwetu, katika miaka hiyo ya 90, kompyuta ilikuwa kitu cha ofisi. Ziko za bandarini, za benki, za hoteli. Zilipoanza kuingia mitaani, Magongo, Bombolulu, Mtongwe, zilikuja zikiwa na Windows ndani. Hakuna aliyekuuliza unataka mfumo gani, kama vile huulizwi redio unayonunua itumie mawimbi gani.

Windows XP ilitoka Oktoba 2001 na utaratibu mpya, kwamba nakala lazima ithibitishwe na kampuni yenyewe. Ulikusudiwa kuzuia kunakili. Haikuchukua muda, funguo za kukwepa utaratibu huo zikazagaa dunia nzima, na CD zake zikauzwa kwa bei ya chai na mahamri. BSA, muungano wa makampuni ya programu, katika ripoti zake za miaka ile ulikadiria kwamba karibu nakala 8 katika kila 10 zilizowekwa nchini Kenya hazikuwa na leseni.

Sasa hapa ndipo wapenzi wa Linux, nikiwemo mimi, tulipokosea hesabu. Ulaya mtu akiambiwa Linux ni bure, anasikia akiba. Nilipomwambia mteja wangu wa Kongowea Linux ni bure alinitazama akacheka: "Kwani Windows nililipa?" Kwa mtu huyu mifumo yote miwili ilikuwa bure. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa anaujua.

CD iliyokuja kwa posta

Tena Linux kwetu haikuwa bure hata kidogo. Tupige hesabu. CD moja ya mfumo ilikuwa na megabaiti kama 650. Laini ya simu yenye modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde, ikienda kwa kasi yake yote bila kukatika (jambo ambalo halikutokea), ingechukua zaidi ya saa 25. Saiba nyingi zilitoza shilingi moja kwa dakika. Hiyo ni shilingi 1,500 na ushei, kwa mfumo wa bure! Na Windows ya CD iko pale dukani kwa shilingi mia.

Mkombozi wetu alikuwa Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Mwaka 1999 aliiuza kampuni yake ya usalama wa mtandaoni, Thawte, kwa mamia ya mamilioni ya dola, na mwaka 2002 akalipia safari ya kwenda anga za juu. Oktoba 2004 akaja na Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Debian, mradi mkongwe wa tangu 1993. Jina lake ni la lugha za Kinguni na sisi hatuhitaji kamusi: ubuntu ni utu. Wazee wetu wanasema mtu ni watu, na maana yake ni hiyo hiyo.

Lakini kilichotufikia sisi ni mpango ulioitwa ShipIt. Unaingia saiba, unajaza jina na sanduku la posta, unaondoka. Baada ya wiki kadhaa bahasha inafika kutoka Ulaya, na ndani yake mna CD halisi, zenye jalada la kupendeza, bila kulipa hata senti. Ukitaka kumi za kugawa, unaomba kumi. Wengi hatukuwa na sanduku, tulitumia la shule, la msikiti, la ofisi ya mjomba. Mpango huo uliendelea hadi Aprili 2011. Sijui kama watu wa London walizihitaji CD zile, lakini kijana wa Mikindani bila ShipIt asingeiona Linux kwa macho yake.

Siku printa ilipogoma

Basi mwaka 2006 nilikuwa kijana fundi katika duka moja Kisauni, na Ubuntu 6.06 imetoka Juni. Huyu mama wa Likoni alikuwa na kompyuta ya mezani iliyojaa virusi. Nikavuka na CD yangu, nikafuta kila kitu, nikamwekea Ubuntu. Ikawaka safi, rangi yake ya kahawia, OpenOffice iko ndani tayari. Nikamwonyesha jinsi ya kuandika barua, nikaondoka nimefura kichwa.

Asubuhi yake wanafunzi wa chuo wakaja kuchapa kazi zao za kuwasilisha siku hiyo. Printa haikutoa hata karatasi moja. Printa zile za bei nafuu nyingi zilitengenezwa kutegemea programu ndogo, draiva, ambayo watengenezaji waliiandika kwa ajili ya Windows tu, na mimi sikuwa nimejaribu kuchapa. Wanafunzi wakahamia kibanda cha pili. Jioni nilirudi nikamwekea XP yake, ya CD ya shilingi mia. Alinikaribisha chai, hakunigombeza. Alisema hivi tu: "Mwanangu, umeniwekea kitu ambacho hapa Likoni unakijua wewe peke yako. Na wewe uko Kisauni."

Nimesoma makala nyingi za Wazungu zinazoeleza kwa nini Linux haikushika kwenye kompyuta za watu wa kawaida. Sijaona iliyolieleza jambo hili vizuri kuliko mama yule.

Printa haikuwa peke yake. Yako mengine matatu niliyoyaona kila siku:

Muziki. Ubuntu haikuja na uwezo wa kucheza MP3, kwa sababu teknolojia hiyo ilifungwa na hataza, na hataza hizo ziliisha mwaka 2017. Dawa ilikuwa rahisi, ungepakua kipande cha programu mtandaoni. Mtandao upi? Mtu anatia CD yake ya taarabu au kaswida, mashine inamwambia haiwezi. Kwake yeye kompyuta imeharibika.

Modemu. Zile za ndani ya kompyuta nyingi zilitegemea Windows kama printa. Baadaye zikaja za USB za kampuni za simu, ambazo ukichomeka zinajitambulisha kwanza kama CD yenye programu ya Windows. Linux ya miaka ile iliamini kweli ni CD, ikaishia hapo. Ili kuunganisha mtandao ulihitaji programu nyingine ambayo iko... mtandaoni. Yai na kuku.

Pakeji. Vyuo vya kompyuta vya mitaani vilifundisha "pakeji": Word, Excel, Access, PowerPoint. Hivyo ndivyo vilivyoandikwa kwenye cheti, na cheti ndicho kilichoombwa kazini. Mzazi aliyelipa karo ili binti yake ajue Word hawezi kufurahi ukimwambia OpenOffice ni kitu kile kile.

Na Kiswahili je?

Hapa majirani zetu wa Tanzania wanastahili sifa. Mradi wa Kilinux katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ukishirikiana na kampuni ya IT+46 ya Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice Desemba 2004: programu nzima ya ofisi ikiwa na menyu za Kiswahili. Haikuhitaji idhini ya mtu yeyote, na hilo ndilo tunda la msimbo kuwa wazi. Microsoft nayo haikukawia kutoa sura ya Kiswahili ya Windows na Office.

Ungetarajia Mombasa, mji wa Kiswahili, tuipokee kwa vigelegele. Sikuona hivyo. Watu waliofundishwa "File, Edit, View" chuoni walipoona menyu za Kiswahili walipotea. Lugha tuliyozaliwa nayo ilikuwa ngeni kwenye kioo cha kompyuta, na kulikuwa hakuna chuo kinachoifundisha hivyo. Nilibaki na Jambo kwenye mashine yangu mwenyewe, kwa fahari tu.

Linux kama dawa

Kwa hiyo Linux haikuingia? Iliingia, ila kwa mlango wa nyuma. Iliingia kama dawa.

Mnaokumbuka miaka ya 2005 hadi 2011 mnakumbuka virusi vya flashi diski. Unatoka saiba na kazi yako, ukichomeka nyumbani mafolda yamegeuka njia za mkato. Windows ilikuwa na tabia ya kutekeleza yenyewe maagizo iliyoyakuta kwenye flashi, na virusi kama Conficker, kilichoonekana mwishoni mwa 2008, vilipanda punda huyo. Februari 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuizima tabia hiyo kwenye XP. Lakini sisi mafundi tulikuwa tumezima masasisho kwenye kompyuta za wateja, tukiogopa nakala zetu zisije zikagunduliwa kuwa za wizi! Unaona mnyororo ulivyo? Nakala ya bure ilifunga mlango wa dawa.

Sasa, mwaka 2000 Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, Linux inayowaka kutoka kwenye CD bila kuwekwa kwenye diski. Ubuntu nayo ilikuwa na CD za namna hiyo. Fundi akiletewa kompyuta iliyokufa, anaiwasha kwa CD ile, anaona faili zote za mteja, anazihamisha, anafuta virusi. Virusi vya Windows huko vinalala kama samaki nchi kavu. Picha za harusi, mitihani ya shule, hesabu za duka, nimeokoa vitu vingi kwa njia hii, na mafundi wenzangu wa Changamwe walifanya hivyo hivyo.

Halafu? Halafu tunafuta diski, tunaweka tena XP ya wizi, tunachukua hela. Baada ya miezi mitatu mteja amerudi.

Hapa lazima nikiri. Tulijua kuna mfumo usioshikwa na virusi vile, tulikuwa tunautumia sisi wenyewe, na hatukumwambia mteja. Sehemu ilikuwa woga wa yaliyonipata Likoni. Sehemu nyingine, tusidanganyane, ni kwamba mteja anayerudi kila miezi mitatu ni kodi ya chumba. Aliyechagua mfumo wa kompyuta za ng'ambo si Bill Gates wala si mwenye kompyuta. Alikuwa fundi.

Ikaingia mfukoni

Kilichobadilisha mambo hakikutoka kwa sisi wapenzi wa Linux. Juni 2009 waya wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, Julai SEACOM ikawashwa, mwaka uliofuata ikaja EASSy. Nyaya zote hizo zilitua ufukweni kwetu, ingawa kasi yake ilichelewa kuifikia mitaa yetu. Mwaka 2011 simu ya Huawei Ideos ikauzwa nchini kwa takriban shilingi elfu nane, ikitumia Android. Na moyo wa Android ni ile kerneli ya Torvalds.

Leo simama pale feri ya Likoni saa kumi na mbili asubuhi, wengi wanaosubiri kuvuka wana Linux mfukoni. Hakuna aliyeichagua kwa jina. Na tusijisifu kupita kiasi: kerneli ni huria, lakini juu yake kumepandishwa mengi yasiyo huria, na simu nyingi mwenyewe huruhusiwi kubadilisha mfumo wake. Somo ni hili: watu hawakuwahi kuichukia Linux. Walihitaji ije tayari, icheze muziki, ishike mtandao, na pawe na mtu wa karibu anayeijua.

Jambo la pili, kazi zimehamia kwenye kivinjari. Vyeti, leseni, maombi ya pasipoti yako eCitizen tangu 2014. Kivinjari ni kile kile, iwe Windows au Linux. Nusu ya sababu za mwaka 2006 zimekufa zenyewe.

Oktoba 2025

XP iliachwa 8 Aprili 2014. Windows 7 ikaachwa 14 Januari 2020. Windows 10 imefuata 14 Oktoba 2025, na nafasi ya kujiandikisha kupata masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi. Mara zile mbili za mwanzo, mashine ya zamani iliweza kupanda mfumo mpya hata kwa kujikongoja. Safari hii Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0 na prosesa za kuanzia takriban 2018. Laptopu nyingi za ex-UK zinazouzwa huku ni za kabla ya hapo. Ni nzima, zina miaka mingine mitano ya kazi, lakini zimefungiwa mlango.

Najua mafundi wanafanya nini, kwa sababu nilikuwa mmoja wao. Wengine wanaweka Windows 11 kwa njia ya mkato, wengine wanazima masasisho na kumwambia mteja "iko sawa". Ni mchezo ule ule wa 2008, ila sasa kwenye mashine hiyo mteja anafungua benki yake.

Kwa hiyo nikarudi Likoni. Safari hii sikufuta kitu. Nilichukua flashi yenye Linux Mint, nikaiwasha laptopu kutoka humo, na kitu cha kwanza kabisa nilichofanya ni kuchapa karatasi. Ikatoka. Nikajaribu skana, Wi-Fi ya simu, sauti, eCitizen. Nikamfungulia barua tano za wateja wake wa zamani kwa LibreOffice. Nne zilikaa sawa, moja yenye majedwali ilivurugika kidogo, nikamwonyesha asije akashtuka mbele ya mteja. Nikamwachia flashi wiki mbili aamue mwenyewe.

Jambo la mwisho ndilo nililolikosa 2006. Nilimkalisha mjukuu wake, na fundi wa simu wa kibanda cha jirani, tukaiweka na kuifuta mara tatu kwenye mashine mbovu hadi wakaweza bila mimi. Fundi yule amebaki na nakala ya flashi. Ni halali yake, na anaweza kumpa mwingine.

Wiki mbili zilipokwisha mama alinipigia. Nilidhani printa imegoma tena. Alisema ameamua kubaki nayo, na kwamba juzi ilisumbua kidogo kwenye Wi-Fi, ila hakuona haja ya kunivusha feri, kijana wa jirani ameitengeneza.

Msomaji, kama una mashine iliyofungiwa mlango, usiitupe na usikubali ifutwe kabla hujaona flashi ikiiwasha na printa yako ikitoa karatasi. Kisha muulize fundi wako swali moja: wewe usipokuwepo, ni nani mwingine hapa mtaani anayeijua hii? Na wewe fundi unayesoma hapa, mwambie mteja kwamba chaguo lipo. Sisi hatukuwaambia.